-44 kwa biti nane: majibu manne, na hiyo "ongeza moja" yatoka wapi?

#1 BintiShela
Salaam jamani. Kuibadilisha -44 iwe bainari (namba za 0 na 1 tu) ya biti 8, yaani tarakimu nane, kumeleta majibu manne, na kila jibu lina mtetezi wake:

10101100
11010011
11010100
1111010100

Hilo la mwisho limetoka Excel, na lina tarakimu kumi! Lipi sahihi? Halafu kila mahali imeandikwa "geuza biti zote, ongeza moja" kama dawa ya mganga: changanya, kunywa, usiulize. Hiyo moja yatoka wapi?

#2 Mkomani01
Yote manne ni -44. Yategemea mmekubaliana mfumo gani.

La kwanza ni alama na kiasi: biti ya kushoto kabisa ikiwa 1 ndiyo alama ya hasi, saba zilizobaki ni 44 yenyewe. La pili ni komplementi ya moja, yaani biti zote zimegeuzwa basi. La tatu ni komplementi ya mbili, na hii ndiyo iliyomo kwenye simu yako na kompyuta yako. La nne ni hilo hilo la tatu, limevutwa. DEC2BIN ya Excel ikipewa namba hasi hutoa tarakimu 10 bila kukuuliza, na haikubali kitu nje ya -512 hadi 511. Kata nane za kulia upate la tatu.

Mtihani ukisema "komplementi" pasi na kufafanua, andika la tatu.

#3 Langoni_Waya
Bi Shela, ndia ni moya na wala haina uganga.

44 = 32 + 8 + 4. Iandike kwa biti nane kamili, na sufuri za kushoto usizionee choyo: 00101100
Geuza, 0 iwe 1, 1 iwe 0: 11010011
Ongeza moya: 11010100

Kisha hakiki. Jumlisha na 44 uloanza nayo: 00101100 + 11010100 = 1 00000000. Ile 1 ya tisa haina pa kukaa, yaanguka nje, zabaki sufuri nane. Zikija sufuri umepata. Zisipokuja, mato yameruka safu mahali.

#4 KaskaziMalindi
"Ongeza moya" 😂 Kumbe bainari ya Amu (Lamu) ni sufuri na moya, ya huku kwetu sifuri na moja. Ndiyo maana mafaili hayafunguki yakishavuka Mto Tana.

Kwa kalamu na karatasi kuna mkato usio na kuongeza chochote. Anza kulia, nakili kila biti mpaka ufike 1 ya kwanza, nayo uinakili. Zilizobaki kushoto zigeuze.

00101 | 100
11010 | 100

Ni hilo. Sekunde tano.

#5 Sufuri_Mbili
Mkato wa #4 ni geuza-ongeza ile ile imevaa kanzu. Ukigeuza, sifuri za mkiani zinakuwa 1. Ukiongeza moja, 1 zile zote zaanguka kuwa 0 na kubeba kwasogea kushoto mpaka kukutane na 0 ya kwanza, na 0 hiyo iko pale pale palipokuwa na 1 ya kwanza kabla hujageuza. Kubeba kwaishia hapo, kwa hivyo za kushoto zabaki zimegeuzwa tu. Hatari yake: watu hugeuza na ile 1 ya kwanza pia. 44 ikitoka 11010000, hiyo ni -48.

#6 BintiShela
Shukran wote. Lakini swali la pili bado hamjaligusa, mwanipa mapishi tu. Na kuna hili: 101100 ikigeuzwa bila sifuri za mbele yatoka 010011, ukiongeza moja 010100, ambayo ni 20. Chanya! Imepotelea wapi hasi yangu?

#7 Mkomani01
Haijapotea, haikuwahi kuingia. Biti sita zenye alama zabeba -32 hadi 31. 44 haiingii humo kwa upande wowote. Ile 20 ni 64 kutoa 44, yaani hesabu imefanyika sawasawa ila kwenye chombo kidogo.

Upana huamuliwa kabla ya kugusa biti yoyote. Kwa biti n, chini ni -2 kwa kipeo cha (n-1), juu ni 2 kwa kipeo hicho hicho kutoa moja. Biti 8: -128 hadi 127. Biti 16: -32768 hadi 32767. Biti 32: -2147483648 hadi 2147483647. Kwa -44 upana mdogo kabisa ni biti 7, na ni 1010100. Ukitaka kuipanua, vuta biti ya kushoto: 11010100, kisha 1111010100, hata ufike biti 64. Ndicho Excel ilichokifanya.

#8 NahodhaWaBiti
Bi Shela, moja yatoka kwenye duara. Tazama saa ya ukutani, ina nafasi 12. Kuurudisha mshale nyuma masaa 4 na kuupeleka mbele masaa 8 kwafika pale pale. Biti nane ni saa yenye nafasi 256. Kurudi nyuma 44 ni kwenda mbele 212, na 212 kwa bainari ni 128 + 64 + 16 + 4, yaani 11010100. Hasi ndani ya mashine hakuna. Kuna kuzunguka tu, halafu sisi ndio tunaokubaliana kwamba nusu ya duara tutaisoma kinyumenyume.

#9 Sufuri_Mbili
Nahodha, umeeleza 212. Kugeuza hujakueleza, wala moja yake.

Jaribu kutoa 256 - 44 kwa mkono kwa bainari: 100000000 - 00101100. Utakopa hapa, ukope pale, mpaka ujisahau. Basi toa kwanza kwenye 255, kwa sababu 255 ni 11111111, na kwenye 1 tupu hakuna kukopa kamwe: 1-0 ni 1, 1-1 ni 0. Huko ndiko kugeuza. Lakini ulitakiwa utoe kwenye 256, ukatoa kwenye 255, umepunja moja. Irudishe. Moja ndiyo hiyo.

Hata kwa namba za dukani ni hivyo: 1000 - 273. Toa kwenye 999, pata 726 bila kukopa, ongeza 1, 727. Mashine ya kuhesabu ya Pascal ya mwaka 1642 ilitoa kwa komplementi ya tisa kwa sababu magurudumu yake yalizunguka upande mmoja tu. Bainari imerithi.

#10 Langoni_Waya
Maneno mazuri, lakini moya hutoka kwenye pini. Nasema kwa waya, si kwa falsafa.

Twaa chipu 74LS283 mbili, kila moya hujumlisha biti nne, na 74LS86 mbili za XOR (mlango ugeuzao biti pale mguu wake wa pili ukiwa 1). Kila biti ya B ipite kwenye XOR, na mguu wa pili wa XOR zote nane ungane kwenye waya mmoya uitwao TOA. Waya huo huo upeleke kwenye C0 (tundu la kubeba kuingia) ya 283 ya tini. C4 (kubeba kutoka) ya tini iende C0 ya yuu. TOA ikiwa 0, B yapita kama ilivyo, wapata A + B. TOA ikiwa 1, B yageuzwa na C0 yaingiza moya. A - B. Hakuna mashine ya kutoa wala ya "kuongeza moja". Kuna tundu la kubeba lililokuwa wazi, likatumiwa.

Makosa ni mawili. La kwanza, C0 ya tini imefungwa ardhini, yaani 0 daima: kila kutoa hupungua moya, 50 - 44 yatoka 5. La pili ni baya zaidi: TOA imefungwa kwenye C0 zote mbili badala ya kuunganisha C4. Hapo 50 - 44 yatoka 22, imezidi 16, kwa sababu baiti ya yuu imepata moya isiyo yake. Lakini 47 - 44 yatoka 3, sawasawa kabisa! Kwenye kutoa, kosa hujitokeza pale tu biti nne za tini za A ni ndogo kuliko za B. Kwa hivyo mtu hupima kwa namba mbili tatu, zaja sawa, akaenda kulala.

#11 KaskaziMalindi
Ami, "baiti ya yuu" ni nusu baiti, biti nne. Baiti ni nane.

#12 Langoni_Waya
Nusu baiti. Umenitoa makosa, nimekubali. Ya 22 ni kweli lakini?

#13 KaskaziMalindi
Kweli. Tini 0010 + 0011 + 1 = 0110, hakuna kubeba. Juu 0011 + 1101 yatakiwa itoke 0000, ikiongezwa moja ya wizi yawa 0001. 0001 0110 ni 22. (Nimeandika tini. Mmeniambukiza.)

#14 Pweza8
Wote mwazunguka mbuyu. Hakuna kugeuza, hakuna saa, hakuna pini. Biti zina uzito: 64, 32, 16, 8, 4, 2, 1, na ya kushoto kabisa uzito wake ni -128. Kwisha maneno.

Unataka -44? Weka 1 kwenye -128. Sasa una deni la 128 na unataka deni la 44, basi lipa 84: 64 + 16 + 4. Andika 1 1010100. Umemaliza, na kurudi ni kwepesi vile vile: 11010100 ni -128 + 64 + 16 + 4 = -44. Jaribuni kusoma 10011001 kwa "geuza ongeza" na mimi nisome kwa uzito, tuone nani atamaliza kwanza. (-103.)

#15 NahodhaWaBiti
Uzito wa -128 ni matokeo, si sababu. Nani alikwambia ya kushoto iwe hasi? Kwenye duara la 256, +128 na -128 ni nafasi moja, ndiyo maana waweza kuchagua. Bila duara, huo uzito wako ni amri ya sultani.

#16 Pweza8
Na duara lako bila uzito ni kichwa kuwauma watu. Kila mfumo wa namba ni amri. Nani alikwambia ya pili kutoka kulia iwe 2?

#17 Sufuri_Mbili
😂 Pweza mikono minane, saba ya kulipa na mmoja wa deni.

#18 MambruiJozi
Kuna njia ambayo haijatajwa, haigeuzi wala haihitaji kuanza na chanya. Gawa -44 yenyewe kwa 2 mfululizo, lakini baki lazima iwe 0 au 1, kamwe isiwe -1. Yaani hisa ishushwe upande wa hasi.

-44 = 2 × -22, baki 0
-22 = 2 × -11, baki 0
-11 = 2 × -6, baki 1
-6 = 2 × -3, baki 0
-3 = 2 × -2, baki 1
-2 = 2 × -1, baki 0
-1 = 2 × -1, baki 1
-1 = 2 × -1, baki 1, na hivyo hivyo milele

Soma baki kutoka chini kwenda juu: 11010100. Ile -1 inayojizaa bila kikomo ndiyo zile 1 za kushoto za Excel. Simama ukifikisha upana unaoutaka.

Pa kuteleza ni -11. Kwenye lugha ya programu ya C, -11 / 2 hutoa -5 na baki -1, kwa sababu C hukata kuelekea sifuri. Python -11 // 2 hutoa -6 na baki 1, na hiyo ndiyo tunayotaka. Kusogeza biti kulia moja kwenye namba yenye alama pia hutoa -6 kwa kompaila zote za kawaida. Kwa hiyo "kusogeza kulia ni sawa na kugawa kwa mbili" ni kweli kwa chanya, na kwa hasi iliyo shufwa. Hasi witiri ikija, wagombane.

#19 Mkomani01
Mambrui hapo umenifunza kitu. Nyongeza kwa wa Python: bin(-44) haitoi komplementi, hutoa alama ya kutoa mbele ya 101100, kwa sababu namba zake hazina upana maalumu. Andika -44 & 255, upate 212, kisha hiyo 212 ndiyo uigeuze bainari.

#20 BintiShela
Sasa nina moja tatu tofauti: ya kupunjwa, ya pini, na ya kujificha ndani ya uzito 🙂 Na ile komplementi ya moja, jibu la pili, kwa nini ilikuwepo kama ina kasoro?

#21 Sufuri_Mbili
Kasoro yake ndiyo jina langu. Ina sifuri mbili, 00000000 na 11111111. Alama na kiasi nayo ina 10000000. Ukiiuliza mashine "je, ni sifuri?" lazima iangalie pande mbili.

Lakini si kwamba ile "ongeza moja" haimo. Imo, ila hulipwa baadaye. 50 + (-44) kwa komplementi ya moja: 00110010 + 11010011 = 1 00000101. Yatoka 5, na kubeba kumoja kumetoka nje kushoto. Hukitupi, wakirudisha mkiani kulia: 5 + 1 = 6. Komplementi ya mbili hulipa moja siku ya kuandika namba, komplementi ya moja hukopa na kulipa kila unapojumlisha. Hayo kwangu ndiyo maelezo ya moja, na nimeyaona bora kuliko yangu ya #9.

Wala haijafa. Jumla ya ukaguzi ya IP, TCP na UDP (kanuni za kutuma data mtandaoni) mpaka leo ni ya komplementi ya moja, na ule urudishaji mkiani. Zile sifuri mbili zimepewa hata kazi: kwenye UDP ya IPv4, sifuri tupu maana yake "sikukagua", kwa hiyo ukaguzi ukitoka sifuri kweli hutumwa 1 tupu.

#22 NgomeniX
Kihistoria: Von Neumann alipendekeza komplementi ya mbili 1945 kwenye ripoti ya kompyuta ya EDVAC, kompyuta ya EDSAC ya Cambridge ikaitumia 1949. IBM 7090 na CDC 6600 ziling'ang'ania komplementi ya moja. IBM System/360 ya 1964 ikamaliza ubishi, na lugha ya C ikailazimisha tangu mwanzo.

#23 Mkomani01
Mawili ya kusahihisha. IBM 7090 ilikuwa alama na kiasi, jibu la kwanza la Bi Shela. CDC 6600 ndiyo komplementi ya moja, neno la biti 60, na PDP-1 pia, biti 18. La pili, C haikulazimisha. Miaka yote iliruhusu mifumo yote mitatu, ikafungwa rasmi kwenye C23 tu. C++ ilitangulia kidogo, C++20. Java ndiyo iliyoandika hivyo tangu mwanzo.

#24 NgomeniX
Ya 7090 nakubali. Ya C nilichanganya na Java.

#25 PungaBarafu
Nadharia yatosha, leteni friza. Kihisi cha joto DS18B20 ndani ya friza la samaki, joto halisi -18. Programu ilikuwa kwenye Arduino Uno (kibao cha kompyuta ndogo), yasoma -18 vizuri. Ikahamishiwa kibao kingine, ESP32, herufi kwa herufi, skrini yaandika 4078. Kihisi kizima, waya mzima. Nani atasema?

#26 MambruiJozi
Upana wa int, chombo cha namba nzima kwenye programu. Kihisi hutoa baiti mbili, ndogo kwanza, kila hatua moja ni nyuzi 0.0625, yaani moja ya kumi na sita. -18 mara 16 ni -288. 65536 - 288 = 65248, kwa heksa (namba za msingi wa 16) FEE0. Kwa hivyo kwenye waya zaja E0 kisha FE.

Kwenye Uno int ni biti 16. Ukiunganisha FE na E0 ndani yake, biti ya kushoto ni 1, yasomwa hasi. Kwenye ESP32 int ni biti 32: FEE0 yakaa kwenye nusu ya chini, juu sifuri kumi na sita, biti ya kushoto ni 0. Chanya 65248. Gawa kwa 16, 4078. Kihisi chenyewe mwisho wake ni 125, kwa hivyo namba hiyo yajitangaza. Dawa: usitumie int, tumia int16_t kwanza ndipo ugawe.

Hakiki kwa mkono: FEE0 ni 1111111011100000, geuza 0000000100011111, ongeza moja 0000000100100000, 256 + 32 = 288, gawa kwa 16 ni 18.

#27 PungaBarafu
Maalim! Kuna aliyejaribu "kuondoa alama" kwa kufuta biti tano za juu, ikaja 110.

#28 MambruiJozi
06E0, 1760, gawa kwa 16, 110. Sahihi, yaani kosa sahihi. Hiyo ni mbaya kuliko 4078 kwa sababu 110 imo ndani ya uwezo wa kihisi, mtu aweza kudhani friza laungua. Na ukiona 85 kamili mara tu unapowasha, hiyo si joto wala si komplementi. Ndiyo thamani ya kuanzia, 0550 kwa heksa, umesoma kabla hakijamaliza kupima. Kwa biti 12 kipe milisekunde 750.

#29 Langoni_Waya
Na huku kwetu jambo hili limo hata kwenye ramani. Sisi tuko kusini ya Ikweta, latitudo yetu ni hasi, lakini karibu na sufuri. Amu twaa -2.27. Ihifadhi kwa sehemu za mia za nyuzi: -227. Biti 16: 227 ni 0000000011100011, geuza, ongeza, 1111111100011101, FF1D. Ukiisoma bila alama ni 65309, nyuzi 653, hata mtoto ataiona. Lakini ukikata baiti ya yuu ukabaki na 1D, hiyo ni 29. Chanya. Nyuzi 0.29 kaskazini! Mji wote na punda wake wamevushwa Ikweta, na namba yaonekana ya adabu kabisa.

#30 KaskaziMalindi
Mmehama na punda 😂 Sisi wa Malindi -3.22 kwa mtindo huo: -322, FEBE, ukikata wabaki BE, ambayo ni 190, au -66 ukiisoma na alama. Nyuzi 0.66 kusini. Walau sisi tumebaki upande wetu wa Ikweta.

Vipokezi vya GPS vina tabia mbili. Maandishi ya NMEA (mtindo wa kawaida wa vipokezi hivyo) hayatumii komplementi, ni kiasi na herufi N au S, yaani jibu la kwanza la #1. Mtu akiisahau S, Malindi yaenda kaskazini. Ujumbe wa bainari wa u-blox (kampuni ya vipokezi) wenyewe ni komplementi ya mbili ya biti 32, kwa hatua za moja ya milioni kumi ya nyuzi. Longitudo 180 yawa 1800000000, yaingia chini ya 2147483647 kwa nafasi ndogo.

#31 NahodhaWaBiti
Jedwali la maji nalo. Sentimita kwenye baiti moja yenye alama: maji yajaa 125, 126, 127, halafu -128. Bamvua huku hupita mita 3. 310 ikikatwa yawa 54. 190 yawa -66, Malindi tena. Na maji yakitoka sana kwenye bamvua kubwa huweza kushuka chini ya sifuri ya chati, kwa hivyo huwezi kusema "basi nitaondoa alama". Biti 16, mwisho.

#32 BintiShela
Hapo ndipo duara lako limeniingia, nahodha. 127 kisha -128. Na -128 yenyewe je? Kuigeuza na kuongeza moja yarudi pale pale.

#33 NahodhaWaBiti
10000000, geuza 01111111, ongeza moja 10000000. Iko upande wa pili wa duara, mkabala na sifuri. Ukienda kulia au kushoto wafika mamoja. +128 haipo kwenye biti nane, ndiyo maana thamani tupu ya -128 kwenye baiti ni -128. Kwenye C, abs ya int ndogo kuliko zote haina jibu lililoahidiwa kabisa.

#34 Pweza8
Kwa uzito: -128 peke yake, bila malipo. Mstari mmoja.

#35 Sufuri_Mbili
Haya. Ya kufurika hamjasema. 100 + 50 ni 10010110, mtu asoma -106. Si kubeba kutoka nje kunakotangaza kosa, hapa hakuna kilichotoka nje. Tazama kubeba kuingia biti ya kushoto na kubeba kutoka: vikitofautiana imefurika. Au kwa macho: chanya mbili zimezaa hasi, au hasi mbili zimezaa chanya. Chanya na hasi hazifuriki kamwe.

#36 NgomeniX
Na ile ya 2038: mashine zinazohesabu saa kwa sekunde tangu 1970 kwenye biti 32 zenye alama zafika kikomo. Kwa saa zetu ni tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Sekunde inayofuata mashine itasema Disemba 1901. Hii nimehakiki kabla Mkomani hajaniamkia.

#37 Mkomani01
Sawa. Tarehe 13.

#38 PungaBarafu
Nje ya mada kidogo: "komplementi ya mbili" tuiteje kwa Kiswahili? Kijalizo?

#39 Pweza8
Kijalizo cha 256 ingekuwa kweli zaidi. "Ya mbili" yapotosha, maana yake 2 kwa kipeo cha upana.

#40 Sufuri_Mbili
Na ile nyingine si "ya moja", ni ya mamoja, kwa sababu unatoa kwenye 11111111.

#41 Langoni_Waya
Ya mamoya.

#42 KaskaziMalindi
Tulijua.

#43 NahodhaWaBiti
Fidia. 212 yafidia 44 mpaka duara litimie.

#44 Pweza8
Fidia hulipwa na bima. Kijalizo.

#45 BintiShela
Nitagombana nanyi kesho kuhusu jina. Swali la mwisho, la kweli: zoezi linalofuata lasema "andika 44 kwa komplementi ya mbili, biti 8". Chanya. Mwenzangu ameandika 11010100.

#46 Mkomani01
00101100. Chanya haiguswi. Aliyoandika mwenzako ni ile ya mwanzo wa uzi.